Jinsi Nilivyompeleka Mama Mkwe Kuteleza Majini

Tangu turudi, sipiti kijiweni pale Soweto ya Moshi bila kuulizwa swali moja, na kila anayeuliza ana tabasamu nisilolipenda. "Baba Doreen, eti ni kweli?" Nimejibu mpaka jibu lenyewe limenichosha, na kila nikilitoa kuna mtu analitia chumvi. Juzi nimesikia kwamba nilimbeba mama mkwe wangu mgongoni kutoka stendi ya Ubungo mpaka baharini. Basi nimekaa chini niandike mara moja tu. Anayetaka kujua asome, na anayetaka kucheka acheke akiwa kwake.

Mambo ya nauli na nani alikata tiketi lini nayaruka, hayana utamu. Naanza na mdomo wangu, maana bila huo tusingefika popote.

Krismasi, uani kwa wakwe

Mnajua nauza mitumba, na mnajua huwa nashuka Dar kufuata mabelo. Safari moja mwenyeji wangu alinipeleka kuona bustani ya michezo ya maji, huko pwani kaskazini mwa jiji. Kuna mabomba makubwa ya rangi yaliyopindapinda kama utumbo wa ng'ombe. Watu wanapanda ngazi hadi juu kabisa, wanakaa kwenye maboya, maji yanawasukuma, na wanateleza mpaka bwawani huku wakipiga kelele. Watu wazima, na akili zao timamu. Mimi sikuthubutu. Nilikaa chini nikinywa soda na kushikilia pochi yangu.

Lakini Krismasi ilipofika, huko Mkuu Rombo kwa wakwe zangu, ukoo mzima umekaa uani na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, imeshanipitia vya kutosha, nilisimulia kama mtu aliyeteleza kutwa nzima. Niliyachora yale mabomba hewani kwa mikono. Niliinuka nikaonyesha namna ya kukaa kwenye boya, na shemeji zangu wakapiga makofi.

Mama Genoveva, mama mkwe wangu, alikuwa barazani kwenye kiti chake cha plastiki. Amekaa hapo tangu alipoanguka shambani kwenye kahawa, na nyonga yake ikakataa kupona sawasawa. Kutoka kitandani hadi barazani ni fimbo mkono huu, mtu wa kumshika mkono ule, na kupumzika njiani. Huyu ndiye mwanamke aliyekuwa akiteremka sokoni na mkungu wa ndizi kichwani, akauza, akagombana na mtu, akarudi, na chai ya asubuhi haijapoa.

"Mkwe," aliniita. "Na wazee nao wanateleza?"

Nilijibu kwa ajili ya mbege na kwa ajili ya masikio yaliyokuwa yakinisikiliza. "Mama, hata wazee."

"Basi utanipeleka."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alisubiri kicheko kiishe, kisha akaeleza. Alipokuwa msichana, alisema, maji ya mfongo, ule mfereji wetu wa kumwagilia migomba, yakishafunguliwa, wavulana walikalia maganda ya mgomba na kuteleza nayo mpaka bondeni. Wasichana walikatazwa hata kuusogelea, kwa sababu mfongo ulikuwa mambo ya wanaume. Yeye alikuwa anasimama juu na mzigo wake wa kuni, anaangalia.

"Sasa niko hapa barazani," alisema. "Kila ninapokwenda nabebwa polepole kama yai. Nataka kwenda mbio mara moja kabla sijafa."

Hapo hata mimi niliweka kata chini. Nilimhurumia, na nilijua pia kwamba neno lililotoka mbele ya ukoo na mbele ya mbege halirudi mdomoni. Tulikubaliana iwe likizo ya Juni, wakati mlimani kuna baridi ya kuumiza mifupa na joto la Dar limelegea kidogo.

Sasa, kwa wale ambao si wa kwetu, niwaeleze tatizo lilikuwa nini. Halikuwa nyonga, lilikuwa mimi. Kwa kina mke wangu Yustina, mwanaume na mama mkwe wake hawagusani. Tumebatizwa, tumepata kipaimara, watoto wako shule za bweni, lakini hilo halijaondoka. Unamsalimia ukiwa mbali, macho chini. Huli mbele yake. Hulali chini ya paa moja naye. Kumshika mkono tu ni aibu ambayo wajukuu wako watakuja kusimuliwa. Nimemwoa binti yake miaka mingi na sijawahi kugusa hata pindo la kanga yake, na ndiyo maana ananipenda.

Kwa hiyo tulipanga hivi: kazi zote za kumshika zingekuwa za Yustina, na tukifika Dar atasaidiwa na mdogo wake, Devota, ambaye ni muuguzi mwenye mikono ya mwanamieleka. Kazi yangu ingekuwa kubeba mabegi na kuangalia pembeni. Niliona ni kazi inayolingana kabisa na uwezo wangu.

Mkuu hadi Soweto

Nilikodi pikapu nikapanda Rombo kumchukua. Nilikuta uani kumejaa watu. Wamama wa jumuiya walikuwa wamepika mtori. Katekista alikuwa amevaa koti lake la misiba. Karibu na zizi, mzee mmoja wa ukoo alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa shati. Nilijua tumechelewa.

"Shikamoo mzee. Kuna nini?"

"Marahaba, baba. Pole sana. Madaktari wa Dar wamesemaje?"

"Madaktari gani?"

"Wa nyonga."

"Mzee, hatuendi kwa daktari. Tunakwenda kucheza."

Aliniangalia kwa huruma, akanishika bega na kuninong'oneza. "Unafanya vizuri kumficha mgonjwa."

Nilijaribu kwa kila mtu. Kule juu mtu wa umri wake hateremki mlima ila kwa hospitali au msiba, na mimi nilikuwa namshusha pamoja na kiti chake. Kadiri nilivyoeleza habari za mabomba na maboya ndivyo walivyozidi kunionea imani, wakidhani uchungu umenipanda kichwani. Yustina aliniambia niache. Basi tulisali sala ya wagonjwa, wakaimba, na Mama akaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, amefurahi kuona watu. Mwishoni alimwomba katekista aongeze nia moja.

"Tumwombee na mkwe wangu," alisema. "Hajui kuogelea."

Wamama walimnyanyua na kiti chake wakamweka mbele kwenye pikapu, yeye, Yustina na dereva. Mimi nilipanda nyuma na mikungu ya ndizi, chombo cha kiburu kilichofungwa kwa kitambaa, na kuku mwenye hasira aliyekuwa zawadi ya Devota. Barabara ile bado ni ya vumbi. Mpaka tunafika lami ya Himo, mimi na kuku tulikuwa na rangi moja.

Pale Soweto, Mama alilala chumbani kwetu na Yustina, nami, kwa heshima ya paa, nikaenda kulala stoo kwenye mabelo. Nililala juu ya suti za Wazungu na nikaamka na alama ya kifungo shavuni.

Stendi ya Moshi hadi mbele ya Same

Stendi mnaijua asubuhi ilivyo. Wapiga debe walipoona mzee kwenye kiti cha plastiki walikuja kama nyuki, kila mmoja akishika mguu wa kiti na kukivuta kwenda basi lake. Kwa muda mfupi Mama alikuwa anasafiri kuelekea Arusha. Yustina aliwafokea, kiti kikageuzwa, wakamwinua mlangoni pa basi letu. Mimi nilisimama mbali kidogo na mabegi yangu, naangalia pembeni kama tulivyopanga.

Kondakta wa basi alinikasirikia. "Mzee, acha uvivu. Mshike mkeo tumwingize."

Nina upara, ndiyo. Nina kitambi. Lakini Mama Genoveva ana wajukuu wanaonyoa ndevu. Yustina alikaa chini kwenye ngazi ya basi akacheka mpaka kilemba kikamdondoka. Mama alipandishwa, akakaa dirishani, akaangalia mlima mpaka tukauacha nyuma, na mimi nilikaa viti viwili nyuma yake nikitamani basi lipinduke taratibu bila kuumiza mtu.

Halikupinduka, lilipasuka tairi. Ilikuwa mbele ya Same, mahali ambapo hakuna kitu ila mkonge, jua na upepo wa moto. Jeki ya basi ilikuwa imeazimwa na basi lingine. Tukashuka wote, na Mama akashushwa na kiti chake, akawekwa pembeni mwa barabara kama mwenyekiti wa kikao.

Kwenye basi alikuwemo bibi mmoja wa Kihindi, wa familia ya duka la vitambaa mjini Moshi, naye magoti yake mabovu. Yeye hakuwa na kiti, alikuwa na mwavuli. Mama aliniangalia, kisha akaangalia sanduku langu. Sikuhitaji kuambiwa. Nililipeleka, bibi akakalia, na nikasikia ndani kitu kikivunjika ambacho baadaye kilithibitika kuwa miwani yangu ya jua. Mwavuli uliwafunika wote wawili.

Waliongea magoti na nyonga muda mrefu kwa raha, kama sisi tunavyoongea mpira. Bibi alitoa chapati nyembamba zenye majani na achari ya embe. Mama alifungua kiburu. Bibi alionja zile ndizi zilizopondwa na maharage, akafikiri, akaongeza achari yake juu, akamrudishia Mama aonje. Mama alionja akafumba macho. Tangu siku hiyo kwake kiburu bila achari ni chakula cha gerezani.

"Yule bwana ni mumeo?" bibi aliuliza, akininyooshea kidole.

"Huyo ni mkwe wangu," Mama alisema. "Anazeeka haraka kuliko mimi, lakini ana moyo mzuri. Ananipeleka Dar nikateleze kwenye maji."

Bibi hakucheka wala hakunihurumia. Alisema mjukuu wake alimwambia kuhusu mahali hapo, na kwamba hata yeye angependa, ila watoto wake wangemfungia ndani. Alimshika Mama mkono. "Ukifika juu usiangalie chini," alimwambia. "Kaa tu, uende."

Ndiye mtu wa kwanza katika safari yote aliyeamini tulikokuwa tunakwenda.

Korogwe

Jeki ilipatikana na tukafika Korogwe na njaa ya mbwa. Basi lilisimama kwa chakula. Yustina alimnunulia Mama supu akampelekea kitini. Mimi nilinunua chipsi na kuku, nikakumbuka siruhusiwi kula mbele yake, na dirisha lake lilikuwa linatazama hoteli nzima. Nilizunguka nyuma ya basi, halikufaa, angeweza kugeuka. Nikazunguka nyuma ya hoteli, nikaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na mahali wanapooshea sufuria, nikala nikitazama ukuta. Mama mmoja mwosha vyombo aliniuliza kama nimefukuzwa kazi.

Kuku alikuwa mgumu, na mimi siachi kuku. Niliposikia honi sikuitilia maanani, mabasi ya Korogwe yanapiga honi siku nzima. Nilipotokea mbele ya hoteli na paja la kuku mkononi, basi letu lilikuwa linaingia barabarani. Nilikimbia. Sijakimbia tangu mchakamchaka wa shule, na ilionekana. Watu waliokuwa wakiuza machungwa walinishangilia kana kwamba nimewalipa.

Basi lilisimama ghafla. Baadaye Yustina alinieleza kwamba yeye alikuwa amesinzia na kondakta alidhani niko kiti cha nyuma. Aliyeniona ni Mama. Aligonga kioo kwa fimbo mpaka kikapata ufa, akasema kwamba basi haliondoki bila mkwe wake, na dereva akisogea tena fimbo itahamia kichwani kwake. Nilipanda nikihema, nikapita mbele yake nikiwa nimeficha paja la kuku ndani ya koti. Aliangalia dirishani kwa adabu, na mafuta ya kuku yakanichuruzika hadi kwenye mkanda.

Tabata

Kwa Devota hapana mengi. Tulifika tumechoka, nami nikalazwa kwa jirani yake, fundi redio, ambaye hakuniuliza kitu. Kuku alikabidhiwa. Kisha asubuhi yake Devota aliitwa kazini, mwenzake alikuwa ameugua, na ile mikono ya mwanamieleka ikaondoka na basi la kwanza. Alituambia tusubiri siku nyingine. Lakini tiketi za kurudi zilikuwa za kesho yake, na Mama alikuwa ameshavaa.

Hapa inabidi niseme alivaa nini. Kule bustanini nguo za pamba haziruhusiwi, wanataka zile zisizonywa maji. Kanga hapana, kitenge hapana, na kumwambia Mama avae nguo ya kuogelea ilikuwa ni kutafuta laana. Katika belo moja nilikuwa nimepata traksuti ya nailoni ya kijani na jezi ya mikono mirefu, namba tisa mgongoni. Nilimpa Yustina, Yustina akampa mama yake kama zawadi isiyojulikana ilikotoka. Mama akajifunga skafu nyepesi kichwani, akauliza kama anaonekana mtu wa heshima. Alionekana kocha wa timu ya taifa. Mimi nilivaa bukta ya maua kutoka belo hilohilo, na mpira wake wa kiuno ulikuwa umeshachoka ungali Ulaya.

Kwenye maji

Vijana wawili wa bustanini, wamevaa fulana nyekundu, walimpandisha Mama na kiti chake. Hapo hapakuwa na neno, kiti si mtu. Walichagua bomba la upole, lile la watoto na watu waoga, lakini hata hilo ngazi zake zilikuwa ndefu. Mpango sasa ulikuwa Yustina akae nyuma kwenye boya la watu wawili, ampakate mama yake na kumshika kiunoni, kwa sababu nyonga ile haiwezi kujikaza yenyewe. Mimi nilibaki chini na mikoba, nikiwa nimeshatimiza ahadi yangu na nina amani.

Baada ya muda kijana mmoja alishuka. "Mzee, unaitwa juu."

Nilipanda. Katikati ya ngazi nilimkuta mke wangu amekaa, amekumbatia bomba la kushikilia kwa mikono yote miwili, macho ameyafumba. Huyu mtu amezaliwa na kukulia kwenye mteremko ambao ukiangusha ndizi unaenda kuiokota kwa jirani.

"Unafanya nini?"

"Naona chini," alisema. "Hizi ngazi zina matundu. Nenda wewe."

"Niende wapi?"

"Baba Doreen, nenda wewe."

Juu kabisa Mama alikuwa kwenye kiti chake, upepo wa bahari unapiga jezi, mbele yake maji yanaingia kwenye bomba kwa kasi. Kijana wa pili alinieleza kwamba amejitolea kukaa naye nyuma, lakini bibi amekataa.

"Kijana nisiyejua hata kwao ni wapi anipakate?" Mama alisema. Hakuniangalia. Alikuwa anaangalia maji. "Basi. Nishusheni. Nimeyaona, inatosha."

Haikutosha. Sauti yake ilikuwa ile ya msichana aliyesimama juu na kuni. Nilisikia aibu kubwa kuliko ile ya stendi, maana aliyetangaza "hata wazee" mbele ya ukoo ni mimi. Na nilijua kwamba hawezi kuniomba nimshike, na mimi siwezi kumwambia nitamshika. Hakuna maneno ya jambo hilo katika lugha yoyote ninayoijua.

Nilimwambia kijana, "Asishuke mtu. Nakuja."

Nilishuka ngazi zote, nikampita mke wangu, nikakimbilia kwenye maua ya mapokezi. Kwetu kuna mmea unaitwa isale. Unapandwa mipakani mwa shamba. Mtu akikukosea, hata akiwa amekuua nusu, akija na jani la isale amelifunga fundo na kukunyooshea, huwezi kumkatalia msamaha. Nilikuwa nimeona pale kwenye ua majani marefu yanayofanana nao, ila yana mistari ya njano. Nililivunja moja. Mkono mzito ukaniangukia shingoni.

"Mzee mzima unavunja maua ya wageni?" Alikuwa mlinzi, mrefu, na filimbi mdomoni.

"Naliomba hili jani moja, ndugu yangu. Ni la mama mkwe wangu."

"Mama mkwe wako anakula majani?"

Nilikuwa nimevaa bukta ya maua, mkono mmoja nashikilia kiuno chake isianguke, mwingine umeshika jani, na foleni nzima ya tiketi imegeuka kutuangalia. Nilijaribu kueleza. Nilipofika kwenye neno "kupakata" mlinzi alipuliza filimbi. Dada aliyekuwa dirisha la tiketi alitoa kichwa nje.

"Mwache huyo," alisema, na kwa lafudhi yake tu nilijua ni wa Kibosho, kulekule kwetu mlimani. "Anakwenda kuomba msamaha."

"Amekosa nini?"

"Bado hajakosa," dada alisema. "Ndiyo anakwenda."

Mlinzi alifikiri, akashindwa, akaniachia.

Nilifika juu sina pumzi. Nilifunga fundo kwenye lile jani, nikapiga goti kwenye sakafu iliyolowa, macho chini, nikalinyoosha kwa mikono miwili. Bukta ilijitegemea yenyewe kwa wakati huo. Mama alilichukua, akaligeuza huku na huku, akaangalia ile mistari ya njano.

"Hili si isale," alisema.

Nilibaki nimepiga goti.

"Lakini umelifunga vizuri." Akalichomeka kwenye skafu yake, juu ya sikio. "Haya, mkwe. Kabla sijabadili mawazo."

Vijana walimtoa kwenye kiti wakamweka kwenye boya. Nilikaa nyuma yake. Nilimshika mama mkwe wangu kiunoni kwa mikono yangu hii, ndugu zangu, mchana kweupe, na kitu cha kwanza nilichokisikia ni jinsi alivyokuwa mwepesi. Sikutegemea. Katika akili yangu alikuwa mtu mkubwa. Nashukuru alikuwa amenipa mgongo.

Kijana akasukuma.

Kelele mlizosimuliwa zilikuwa zangu, zote. Nilianza kwenye kona ya kwanza na sikupumzika. Niliita watakatifu wa parokia mbili. Mama hakupiga kelele hata kidogo. Alikuwa ameinua fimbo yake juu, sijui vijana walimruhusuje kuja nayo, na kila tulipopinda aliielekeza kule tunakokwenda, kana kwamba ndiye anayeendesha. Kisha mwanga ulitupiga, bomba likaisha, boya likapinduka, nikazama.

Nilijua nakufa. Nilikunywa maji mengi na nilipigana nayo kwa nguvu zangu zote. Nilimfikiria Mama, mzee wa watu, amezama kwa ajili ya mdomo wangu, na kwamba nitapeleka maiti Rombo kwa watu waliokwisha kuisalia. Nilifumbua macho chini ya maji nimtafute. Niliona miguu miwili ya traksuti ya kijani, imesimama.

Nilisimama na mimi. Maji yalinifika kiunoni.

Mama alikuwa wima. Maji yalikuwa yamebeba ule uzito ambao nyonga yake imeukataa siku zote hizi, na alikuwa amesimama bila kushikwa na mtu, fimbo inaelea huko mbali na hana habari nayo. Alikuwa anajiangalia miguu kupitia maji. Akainua mmoja, akauweka mbele. Akainua wa pili. Huko juu ya ngazi nilisikia Yustina, macho ameshafumbua, anaita, "Mama! Mama anatembea!" na sauti yake inakatikakatika.

Nililia, na kwa kuwa nilikuwa nimelowa nilidhani haitaonekana. Nilimkimbilia kadiri mtu anavyoweza kukimbia majini, mikono nimeinyoosha mbele, tayari kumdaka akiyumba, jani moja limeshatosha kwa makosa yote ya siku hiyo.

Mama alisimama. Aliangalia mikono yangu, kisha akaangalia bwawa lote la bluu lililokuwa nyuma yangu.

"Mkwe," alisema, "sogea pembeni. Umenizibia njia."